Kazi Ngumu Si Mazoezi: Kuchagua Mazoezi ya Nguvu Nyumbani, Kailo

Orodha nyingi za mazoezi ya nyumbani zinazopita kwenye simu zetu zimetungwa kwa ajili ya mtu anayeshinda kwenye kiti. Zinamwambia achuchumae mara kumi na tano, apige pompaji (pushapu, kwa ndugu zetu wa pwani) kumi, abebe ndoo ya maji na kuzunguka nayo uani. Mtu wa Kailo akisoma ushauri huo anashangaa. Maji ameshayabeba tangu alfajiri, bidoni nzima ya lita 20, tena akipandisha mlima. Kuchuchumaa amechuchumaa kutwa mtoni akiosha mchanga wa madini. Basi ama anasema mazoezi ni mambo ya watu wa mjini wenye nafasi, ama anaamini kwamba nguvu hupatikana kwenye ukumbi wa vyuma tu, na kwa kuwa ukumbi uko Kindu na yeye yuko Kailo, habari imeishia hapo. Fikra zote mbili zinamnyima haki yake.

Mimi nasema hivi: anayetaka kuchagua mazoezi ya nguvu asianze na orodha ya mazoezi. Aanze na kazi yake ya kutwa. Aangalie kazi hiyo inatumia misuli ipi kila siku, inaichosha ipi kupita kiasi, na ipi haiigusi kabisa. Mazoezi atakayochagua yawe ya kujaza pengo hilo. Na katika maeneo yetu pengo hilo karibu kila mara liko sehemu moja ya mwili, kama tutakavyoona.

Tuangalie kazi zenyewe. Teritwari ya Kailo ni nchi ya kasiterite na wolframite, na madini hayo huchimbwa kwa mkono: chepeo, nyundo, patasi, na karai la kuoshea mchanga. Ni madini mazito mno. Lita moja ya maji ina kilo moja, lakini kasiterite ya ujazo huohuo inakaribia kilo saba. Ndiyo maana mfuko mdogo unaoonekana kama wa mtoto unamkunja mtu mzima mgongo. Nje ya machimbo kuna wanaosukuma baiskeli zilizopakiwa mchele, mihogo na madumu ya mawese kwenye njia za msituni, wakitembea kwa miguu siku nzima. Kina mama wanabeba maji, kuni na mihogo, kisha wanarudi kutwanga. Upande mwingine wapo walimu, wauguzi, makarani, wauza duka, madereva wa pikipiki na wanafunzi wa Kindu, ambao kazi yao ni kukaa.

Mizigo huku si habari ya jana. Kiswahili tunachozungumza jimboni kwetu Maniema kiliingia na misafara ya karne ya 19 iliyopita Nyangwe na Kasongo, na mzigo wa pagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32, juu ya uzito wa mkeka wake na chakula chake. Kama kubeba peke yake kungetosha kujenga mwili ulio kamili, babu zetu wangetuachia mgongo usiouma. Hawakutuachia.

Kwa nini basi kubeba hakutoshi? Jibu moja lilipatikana Kenya. Mwaka 1986 watafiti, miongoni mwao G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo tangu utotoni. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao, wakatembea nao bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika, ilhali mtu asiyezoea huongeza matumizi yake kila kilo inapoongezeka. Matokeo hayo husimuliwa kama sifa kwa mwanamke wa Kiafrika, na ni sifa kweli. Lakini kwa anayefundisha mazoezi yanasema jambo jingine pia: mwili uliozoea kazi hujifunza kuifanya kwa kubana matumizi. Haujengi msuli mpya kwa ajili ya mzigo ulioubeba jana na juzi. Msuli hukua pale tu unapodaiwa zaidi ya ulichozoea kutoa, kisha ukapewa chakula na mapumziko.

Kazi haitimizi masharti hayo. Mama hapunguzi maji siku ambayo mgongo unauma, na wala haongezi lita mbili kila juma ili apate nguvu. Mchimbaji hapumziki saa 48 baada ya kuvunja mwamba. Halafu kazi ni ya upande mmoja: mkono uleule wa chepeo, bega lilelile la mfuko, kiuno kilekile kilichokunjwa. Katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, utafiti uliotoka mwaka 2010 uliwauliza wachota maji wa vijijini habari za afya zao, na maumivu ya shingo na mgongo yalikuwa yametapakaa. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2018, uliokusanya habari za wafanyakazi zaidi ya 190,000, ulikuta kwamba wanaume wenye kazi nzito sana walikuwa na hatari ya kufa mapema kwa asilimia 18 zaidi kuliko wenzao wa kazi nyepesi, wakati mazoezi yanayofanywa kwa hiari baada ya kazi yanajulikana kurefusha maisha. Uchambuzi huo unatoka zaidi katika nchi tajiri, na wataalamu bado wanabishana kiasi gani cha tofauti hiyo kinatokana na kazi yenyewe na kiasi gani na umaskini unaoambatana nayo. Kwangu mimi inatosha kuondoa ule usemi wetu kwamba anayelima au kuchimba ameshafanya mazoezi.

Sheria ya kujenga nguvu iliandikwa vizuri mwaka 1945 na daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa Chicago akitibu askari waliorudi vitani wakiwa na miguu iliyonyong'onyea. Wakati huo wengi waliamini kwamba mgonjwa apewe kazi nyepesi ya kurudiarudia. DeLorme aliwapa mzigo mzito kwa kadiri ya uwezo wao, waunyanyue mara chache, na nguvu ilipoongezeka aliongeza mzigo. Misuli ilirudi. Tangu hapo kila mpango wa mazoezi wenye maana, wa ukumbi au wa uani, umesimama juu ya jambo hilohilo: ongeza ugumu kidogo kidogo, kwa makusudi, na uandike ulipofikia.

Sasa swali la vyuma. Je, bila vyuma ugumu utaongezwaje? Utafiti umejibu vizuri katika miaka hii. Mzigo mwepesi unaweza kukuza msuli karibu sawa na mzigo mzito, mradi seti iendelee mpaka ubaki na uwezo wa kurudia mara mbili au tatu tu. Mzito unatangulia katika nguvu ya kunyanyua kitu kizito mara moja. Katika kukuza msuli inakaribiana. Japani, mwaka 2017, vijana 18 waligawanywa mafungu mawili, wengine wakasukuma chuma chepesi wakiwa wamelala chali na wengine wakapiga pompaji za kiwango hichohicho cha ugumu, mara mbili kwa juma kwa majuma manane. Vifua vyao viliongezeka unene kwa namna inayofanana. Msuli haujui kama kinachousukuma ni chuma cha Ulaya au sakafu ya udongo.

Pompaji ni mfano mzuri wa jinsi ugumu unavyopandishwa bila kununua kitu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipima ni sehemu gani ya uzito wa mwili inayobebwa na mikono. Mikono ikiwa juu ya kitu cha sentimita 60, kama meza fupi, mtu anasukuma asilimia 41 ya uzito wake. Magoti yakiwa chini, asilimia 49. Mikono juu ya kizingiti au kigoda cha sentimita 30, asilimia 55. Pompaji ya kawaida, 64. Miguu ikipandishwa juu ya kigoda hicho, 70. Ikipandishwa mezani, 74. Mtu wa kilo 60 ana hapo ngazi inayoanzia kama kilo 25 hadi 44, na hajatoka nyumbani. Akimaliza ngazi hizo atashuka polepole kwa kuhesabu hadi nne, atatulia chini kidogo, kisha atahamishia uzito mkono mmoja. Anayejisifu kwamba anapiga pompaji mia moja mfululizo ana ustahimilivu mzuri, lakini ameacha kujenga nguvu zamani. Ngazi yake ni ya chini mno kwake.

Tumefika kwenye pengo nililolitaja. Mwili una kazi chache za msingi: kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa, kuinama na kuinuka kwa nyonga, kubeba, na kukaza kiwiliwili kisiyumbe. Ukipitia shughuli za Kailo moja baada ya nyingine utakuta kubeba tele, kuinama tele, kuchuchumaa tele, kusukuma baiskeli tele. Kuvuta hakuna. Simaanishi kuvuta kamba ya mbuzi. Namaanisha kuvuta mwili au mzigo kuelekea kifuani mpaka mabega yarudi nyuma na yale mabapa ya mgongoni yakaribiane. Misuli hiyo ya juu ya mgongo ndiyo inayomsimamisha mtu wima, na ndiyo inayosahauliwa na anayekaa dawatini na anayechimba pia. Dereva wa pikipiki anashinda ameegemea usukani, mwalimu ameinamia madaftari, mama anatwanga mabega yakiwa mbele, mchimbaji ameingia shimoni amejikunja. Kazi tofauti, mkao mmoja.

Na mazoezi tunayojichagulia yanaongeza ubaya. Nelson Mandela ameeleza katika kitabu cha maisha yake mazoezi aliyoyafanya ndani ya chumba cha gereza Robben Island: kukimbia papo hapo hadi dakika 45, pompaji 100 za ncha za vidole, kuinuka kwa tumbo mara 200, kuchuchumaa mara 50, siku nne kwa juma. Mpango ule ni mfano mkubwa wa nidhamu, nami ninauheshimu kwa moyo wote. Hata hivyo, katika orodha hiyo hakuna kuvuta hata mara moja. Vijana wetu wanaoiga mazoezi ya askari, pompaji na tumbo, tumbo na pompaji, wanarudia mpango wa mtu aliyefungiwa. Sisi hatukufungiwa. Miti tunayo.

Mwembe wenye tawi la mlalo, nene kama mkono wa mtu mzima, ni kifaa bora kuliko mashine nyingi. Lijaribu kwanza kwa kuning'inia watu wawili huku miguu ikikaribia chini. Mparachichi usiuamini, matawi yake hukatika bila kutoa ishara, na boriti za nyumba ya matope uziache zishike paa. Anayeanza asijaribu kujivuta mpaka kidevu kifike juu. Wengi watashindwa, wataona aibu, wataacha. Aanze kwa kuning'inia tu, sekunde kumi, kisha ishirini, kisha thelathini. Baada ya hapo apande juu ya kigoda, ashike tawi kidevu kikiwa juu yake, aondoe miguu na kushuka polepole awezavyo. Kushuka kunajenga kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu msuli unaweza kuzuia uzito mkubwa kuliko ule unaoweza kuuinua. Atakayeweza kushuka mara tano kwa sekunde tano kila mara hayuko mbali na kujivuta mara ya kwanza.

Tawi la juu likiwa gumu, tafuta mti wa mlalo unaofika kiunoni: fito imara iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Lala chini yake, ushike, mwili unyooke kutoka kisigino hadi kisogo, uvute kifua kiguse fito. Ukitaka wepesi kunja magoti au pandisha fito. Ukitaka ugumu peleka miguu mbele, mwishowe ipandishe juu ya gogo. Zoezi hili ni ndugu wa pompaji aliyegeuzwa, na kila seti ya pompaji ingepaswa kulipwa na seti moja yake. Kwa mwenye mabega yaliyokunjika, seti mbili. Mama asiyependa kuonekana uani ana njia ya ndani: kitenge imara kifungwe fundo kubwa katikati, fundo lipite upande wa pili wa mlango unaofungwa kwa kuvutiwa upande aliopo yeye, mlango ufungwe sawasawa, kisha ashike ncha mbili, aegemee nyuma na kujivuta. Na kuna ule mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli unaotumika kufungia mizigo. Ukiukunja mara mbili unakuwa mgumu, ukiukunjua unakuwa mwepesi. Uuzungushe kwenye nguzo na uvute kuelekea mbavuni. Mpira wenye nyufa utupe, usije ukakurukia jichoni.

Miguu haihitaji maneno mengi. Mchimbaji na mchota maji wanayo tayari, na kuchuchumaa kwa miguu miwili bila mzigo hakuwaongezei kitu. Wakitaka nguvu wahamie mguu mmoja: mguu wa nyuma uwekwe juu ya kigoda, wa mbele ushuke mpaka goti la nyuma likaribie chini. Mara nane kwa kila mguu zitamwambia mtu ukweli. Mwalimu na karani wao waanze na kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, kisha kuchuchumaa kamili, kisha mguu mmoja.

Kuhusu uzito wa kushika, bidoni ndiyo mzani wetu. Maji yanakupa kilo moja kwa kila lita, kwa hiyo unaweza kuongeza nusu kilo au kilo moja juma kwa juma, jambo ambalo vyuma vya sementi haviwezi. Mchanga mkavu ni mzito zaidi, kama kilo moja na nusu kwa lita, hivyo bidoni ya lita tano ikijaa mchanga inakaribia kilo nane. Zile alteri za makopo na sementi ambazo vijana wa Kindu huzimimina ni kazi ya bidii, lakini sementi huku ni ghali kwa sababu ya njia iliyopita kufika, uzito wake ukishakauka haubadiliki, na makopo mawili nadra kulingana. Pesa hiyo ningependa iende kwenye maharagwe.

Nani afanye nini? Mchimbaji na msukuma baiskeli ninawashauri kidogo kuliko wote: siku mbili kwa juma, dakika ishirini, seti tatu za kuvuta, seti mbili za kukaza kiwiliwili, na kuinua nyonga ukiwa umelala chali magoti yamekunjwa, basi. Wasiongeze kubeba wala kuinama. Siku waliyochimba sana wapumzike, kwa sababu msuli hukua wakati wa kupumzika, na mgongo uliochoka ukiongezewa mzigo ndipo huchanika. Anayekaa kazini anahitaji zaidi: siku tatu, na kazi zote sita za mwili. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa juma, mbali na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Dereva wa pikipiki asidhani kwamba safari ya Kindu na kurudi inahesabiwa humo.

Wacheza mpira wanastahili neno lao. Vijana wengi wa Kailo wanaota kuvaa jezi ya Maniema Union, klabu ya Kindu iliyofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika msimu wa 2024–25 na kupangwa na Raja Casablanca, FAR Rabat na Mamelodi Sundowns. Wanakimbia sana, wanapiga pompaji, na kila msimu wanachanika misuli ya nyuma ya paja. Kuna zoezi moja lisilogharimu kitu: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha ujiangushe mbele taratibu mwili ukiwa umenyooka, ukizuia kwa nyuma ya mapaja mpaka ushindwe, na mikono ikupokee. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kwamba timu zinazolifanya zinapunguza majeraha hayo takriban kwa nusu. Linauma sana majuma mawili ya kwanza, kwa hiyo lianze na mara tatu au nne, seti mbili, si zaidi, na lisifanywe siku moja kabla ya mechi. Kocha atakayeliacha kwa sababu hana vifaa hana hoja.

Wazee nao wasiachwe kwenye kiti chao barazani. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake, Boston, waliwapa mazoezi mazito ya miguu watu kumi waliokuwa na umri wa miaka 86 hadi 96, dhaifu, wakaao katika nyumba ya wazee. Baada ya majuma manane nguvu ya mapaja ya waliomaliza ilikuwa imeongezeka zaidi ya maradufu, na wapo waliotupa fimbo. Kwa mzee wa Kailo zoezi ni moja la kuanzia: kuinuka kwenye kiti na kuketi polepole, mara nane, pumzika, rudia, mkono wa mjukuu ukiwa karibu. Kuanguka na kuvunjika nyonga mahali ambapo hospitali ya upasuaji iko mbali ni jambo linaloweza kumaliza maisha, na mapaja yenye nguvu ndiyo kinga ya kwanza.

Mwenye tansio, au presha kama wengi wanavyoita, aonane kwanza na muuguzi wa kituo cha afya, apimwe. Akiruhusiwa, kuna zoezi la kuegemea ukuta ukiwa umekunja magoti kama aliyeketi kiti kisichokuwepo. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2023, uliokusanya majaribio 270, uliliweka zoezi la aina hii mbele ya mengine yote katika kushusha presha ya mtu akiwa ametulia. Hufanywa dakika mbili, mara nne, na mapumziko katikati, siku tatu kwa juma. Anayeanza achuchumae juu juu tu, wala asizuie pumzi, kwani kuzuia pumzi huku ukikaza mwili hupandisha presha ghafla. Hesabu kwa sauti, pumzi itatoka yenyewe. Na hakikisha ukuta ni imara, matofali mabichi ya msimu wa mvua yanaanguka.

Kuna hatari nyingine ambazo vitabu vya Ulaya havizitaji, nasi hatuwezi kuziruka. Mtu aliyetoka kuugua malaria asirudi kwenye mazoezi magumu siku homa ilipoisha. Damu imepungua na wengu huenda umevimba, naye angoje mpaka aweze kufanya kazi zake za kawaida bila kuhema, kisha aanze na nusu ya alichoacha. Mwenye selimundu, ugonjwa tunaouita SS, asiingie kabisa kwenye mashindano ya kufanya mpaka kushindwa, hasa kwenye joto na bila maji. Anaweza kujiimarisha, lakini kwa ushauri wa daktari na kwa kipimo cha chini. Anayeona uvimbe kinenani unaotokeza akikohoa au akinyanyua, hiyo ni ngiri; mazoezi ya kunyanyua yangoje matibabu. Jua letu nalo si rafiki. Fanya kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na maji ya kunywa yawe karibu.

Halafu chakula. Uchambuzi wa majaribio 49, uliotoka mwaka 2018, ulikuta kwamba faida ya protini kwa wanaojenga msuli inafika kikomo kwenye gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani kama gramu 96 kwa mtu wa kilo 60. Unga wa mihogo una chini ya gramu tatu katika kila gramu 100, kwa hiyo bukari hata ikijaa sinia ni nishati tu. Kinachojenga ni kilicho pembeni yake. Maharagwe makavu yana zaidi ya gramu 20 kwa gramu 100, karanga kama 25, yai moja gramu sita, na ndagala wakavu wa kutoka Kalemie zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Viwavi wakavu nao wako hapohapo na ndagala, na ni chakula chetu tangu zamani. Sioni kwa nini kijana anunue kopo la unga wa kigeni sokoni Kindu wakati viwavi wapo kwenye beseni la jirani. Sombe ikitiwa karanga ni mboga ya mwanamazoezi. Na siku ambayo nyumbani mmekula mara moja tu, tena kidogo, usifanye mazoezi magumu. Siku hiyo mwili hauna cha kujengea, utabomoa ulicho nacho.

Nilitaka kumaliza na mpango wa juma, lakini msomaji aliyefika hapa anaweza kuutunga mwenyewe: siku mbili au tatu, zoezi moja la kila kazi ambayo kutwa yake haimpi, seti mbili au tatu kila moja, akomee alipobakiza mara mbili, aandike kwenye daftari, na juma lijalo aongeze kitu kimoja. Kilichobaki ni ombi, nalo ni kwa wakuu wa shule, makocha na wakuu wa mitaa wa Kailo. Simikeni nguzo mbili za mti mgumu, mzichimbie mita moja chini ya ardhi, mpachike fito moja inayofika kiunoni na nyingine ya juu inayohitaji mkono kunyooka. Ziwekeni penye kivuli, karibu na uwanja wa mpira, na nyingine ndani ya uzio wa shule ili wasichana nao wawe na mahali. Miti iko msituni, mafundi mnao, na kazi hiyo huisha kwa siku moja ya kazi ya pamoja, salongo.